Shangazi Swichi: Kompyuta Imekesha Tena

*Shikamoo Shangazi. Laptopu yangu imeacha kulala. Naiacha saa nne usiku, naamka alfajiri kioo bado kinawaka. Tunaishi chumba kimoja, mwanga unapiga kitandani, na mume wangu amehamia kwenye kochi. Fundi anataka shilingi 30,000 apige Windows upya. Nimpe?*
*Macho Kodo, Tanga*

Marahaba mwanangu. Usimpe hata nauli. Fundi anayekimbilia kupiga Windows upya kabla hajauliza swali ni kama daktari anayekata mguu kwa ajili ya mwiba: mwiba utaondoka kweli, lakini na mguu umekwenda, pamoja na picha za harusi ambazo hukuzihifadhi kwingine.

Kwanza tutenganishe mambo. Kulala kwa kioo ni jambo moja, kulala kwa mashine ni lingine, na kila moja lina muda wake. Tena muda huo huwekwa mara mbili, wa kwenye betri na wa kwenye umeme. Kwa hiyo namba ni nne. Fungua Mipangilio, ingia Mfumo, tafuta sehemu ya umeme na betri, uzisome zote. Wengi wameweka dakika tano upande wa betri, upande wa chaja pamebaki "kamwe", na laptopu yenyewe haijachomolewa ukutani tangu Idi.

Namba zikiwa sawa na bado inakesha, basi kuna anayeishikilia. Programu ina ruhusa ya kuiomba Windows isilale. Ndiyo maana filamu haikatiki katikati ingawa hujagusa kitu kwa saa nzima. Balaa ni programu inayoomba, halafu inasahau kuachia. Ili uijue, bofya upande wa kulia kwenye kitufe cha kuanzia, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike powercfg /requests. Majibu huja kwa mafungu. Chini ya DISPLAY wamo wanaozuia kioo, chini ya SYSTEM wamo wanaozuia mashine. Likitajwa jina la kivinjari, kuna ukurasa umeachwa unacheza video nyuma ya kurasa nyingine ulizokataa kuzifunga. Kikitajwa kifaa cha sauti, yawezekana redio ya intaneti inaimba na wewe umezima spika tu.

Asipotajwa yeyote, tazama meza. Kipanya cha mwanga kikikaa juu ya meza ya kioo au kitambaa cha plastiki kinachong'aa, kishale huweza kutikisika chenyewe, na kila kikitikisika mashine hudhani upo kazini. Kilaze chali usiku mmoja. Kompyuta ikilala, mshitakiwa umempata: kiwekee daftari chini, kisha umwite mumeo kutoka kwenye kochi.

*Shangazi, yangu inalala vizuri, ila saa nane usiku inajiamsha yenyewe. Mama mkwe anasema ni jini na ameshaleta ubani.*
*Mwenye Hofu, Kilifi*

Ubani hauna neno, mradi moshi usielekezwe kwenye feni. Jini wa saa nane namfahamu. Windows 10 ina matengenezo yake ya kila siku, na saa iliyopangiwa tangu mwanzo ni hiyo hiyo, ambayo kompyuta huiandika 2:00 AM. Kwenye Paneli Dhibiti, sehemu ya usalama na matengenezo, kuna kisanduku kinachoiruhusu kazi hiyo kuamsha mashine. Ondoa tiki.

Kama si hiyo, ukiamka andika powercfg /lastwake kabla ya kuilaza tena. Itakutajia aliyeiamsha mara ya mwisho. Mara nyingi ni kadi ya mtandao, au kipanya kilichopitiwa na paka. Mtafute mshukiwa kwenye orodha ya vifaa na umnyang'anye ruhusa ya kuamsha kompyuta. Kibodi iachie yake, usije ukakosa wa kukuamshia.

*Shangazi, nilifunga kifuniko Morogoro nikaitia laptopu begini. Kufika Dodoma begi lina homa na betri imekwisha.*
*Abiria*

Pole. Hiyo haikulala, ilisinzia. Laptopu nyingi za siku hizi zimeacha usingizi wa zamani, ule unaoitwa S3, ambao karibu kila kitu huzimwa isipokuwa RAM. Hizi za sasa huzima kioo lakini mashine inaendelea kuchungulia mtandao kwa mtindo wa simu, na ikinogewa na kazi ndani ya begi lisilo na hewa, inachemka. Mimi badiliko hili halijanipendeza, na sitajifanya. Andika powercfg /a uone yako imepewa usingizi gani.

Ukisafiri, chagua haibaneti. Yote yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski, mashine ikajizima kabisa, na ukiiwasha unakuta kazi ilipoishia. Mara nyingi chaguo hili limefichwa. Lifukue kwenye mipangilio ya vitufe vya umeme, hapo hapo unapoamua kifuniko kikifungwa kifanyike nini. Wenye kompyuta za mezani nanyi sikieni: RAM hukumbuka mambo kwa umeme tu, ukikatika inasahau. Diski haisahau.

*Shangazi, baba watoto ameweka skrini seva ya samaki ili kuokoa umeme wa LUKU. Uniti zinaisha vile vile.*
*Mama Uniti, Mbagala*

Skrini seva kazi yake ilikuwa kuokoa kioo. Vioo vile vya zamani vyenye kisogo kirefu vilipakwa fosfori kwa ndani, na picha isiyosogea kwa muda mrefu iliviachia kovu. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ya Marekani ikatoa After Dark, na watu wakalipa pesa zao watazame tosta zenye mabawa zikiruka angani. Kioo cha LCD hakina fosfori ya kuungua namna hiyo. Samaki wa baba watoto wakiogelea, taa ya nyuma inawaka vile vile, na prosesa nayo inahangaika kuwachora.

Samaki waondolewe, kioo kizimike baada ya dakika tano, mashine ilale baada ya kumi na tano. Akinuna, mpikie perege.