Jini, Mtarakwa na Maji ya Shosho

Huku kwetu Subukia mtarakwa ni nguzo ya ua. Hauozi upesi, mchwa wanaukwepa, na mzee akitaka kujisifia boma lake huanzia kwenye nguzo. Ndiyo maana binamu yangu alipotoka Nairobi Krismasi na chupa ya Procera, akatangaza mbele ya wajomba kwamba jini hiyo imetengenezwa kwa matunda ya mtarakwa na bei yake inakaribia ya mbuzi, Mjomba mkubwa alitoka nje, akautazama ua, akarudi. "Yaani miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikifunga mbuzi kwenye baa?"

Binamu ana elimu ya mambo haya, na elimu yenyewe haingoji kuulizwa. Kinachoifanya jini iwe jini, alitueleza, ni tunda la miti ya ukoo wa mtarakwa. Ukiliondoa unabaki na pombe kali tu. Wazungu hutumia kichaka chao kifupi, tena matunda makavu. Wetu ni mti mrefu, wa pekee katika ukoo huo unaoota wenyewe kusini mwa ikweta, na watengenezaji wa Procera huyatumia matunda yakiwa mabichi. Hapo Mjomba mdogo akataka kujua kama sisi tuko kusini au kaskazini, kwa kuwa ikweta inaikatiza barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu. Ubishi huo ulidumu kuliko jini yenyewe.

Mwishowe ikaamuliwa tuonje bila kuona lebo, maana wajomba wangu hutambua ladha kwa kusoma bei. Binamu alimimina Gilbey's, Konyagi, Uganda Waragi na hiyo Procera kwenye chupa za maji za nusu lita, akazibandika namba kwa uji wa unga wa ngano. Mtoto akatumwa dukani kuleta toniki. Akarudi na soda ya tangawizi na ujumbe: mwenye duka anasema toniki ni dawa, tujaribu kwa kemisti. Hakukosea sana. Uchungu wa toniki ni wa kwinini, na Waingereza waliokuwa India waliinywa kwa ajili ya malaria kabla ya mtu kuikaribisha mezani pamoja na jini.

Tukaonja. Gilbey's ni kavu, haina maneno mengi, na nyama choma inaipenda. (Ule mtindo wa London Dry, nao, si lazima utoke London. Kwa sheria za Ulaya unaweza kukenekwa popote, hata Kabazi, mradi ladha yote iingie wakati wa kukeneka na sukari isizidi gramu 0.1 kwa lita.) Waragi inapita kooni kama mgeni mwenye adabu. Ukiijua asili yake utaiheshimu: sheria ya Uganda ya 1965 iliwataka wapikaji wa enguli wauze pombe yao kwa kiwanda chenye leseni, ikenekwe upya, na chupa ikatokea hapo. Konyagi ya Dar es Salaam ina utamu wa kukubembeleza mwanzoni. Deni lake hulidai alfajiri. Ile ya nne Mjomba mkubwa aliapa kwa jina la marehemu baba yake kuwa ni Konyagi nyingine, iliyochacha.

Wakati huo uji ulikuwa umekauka na namba zimedondoka.

Sasa, Shosho, bibi yetu, hanywi chochote kilicho kikali kuliko chai. Kabatini, hata hivyo, ana chupa za nusu lita za maji ya chemchemi ya Kijiji cha Mama Maria, kule kilimani mahujaji wanakopanda kusali na kuteka. Jioni hiyo alikuwa na ndama anayeharisha. Akachukua chupa iliyokuwa karibu, akaenda zizini, akamnyunyizia ndama kuanzia pembe hadi mkia, akamnyunyizia na katekista aliyekuwa amepita kusalimia. Katekista akapangusa paji la uso, akanusa kiganja, akauliza kwa upole kama kuna mtu hapa amedungwa sindano.

Shosho akapiga funda moja ili ahakikishe. Hakutema. Alifumba macho kidogo, akalamba midomo, akasema, "Haya maji yamekaa kwenye sanduku la mtarakwa."

Wanaume wote wa ukoo walikuwa wameshindwa, na bibi wa chai akaipata kwa funda moja, giza likiingia, zizini. Binamu alitaka kulia, sijui kwa furaha au kwa ile robo ya chupa iliyoishia mgongoni mwa ndama.

Hukumu yangu basi ni hii: Procera inywe yenyewe, kidogo, wala usiizamishe kwenye soda. Gilbey's iende na ndimu. Waragi ni ya mazungumzo marefu. Konyagi na tangawizi wanaelewana kuliko tulivyotarajia, mradi kesho yake huna safari. Ndama yu mzima. Nawe ukija Subukia na chupa yako, isibanduliwe lebo, na toniki uinunue Nakuru kabla hujapanda matatu.