Punda wa Buxton na Mtungi Mtupu

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na punda Buxton, tena si mmoja. Maghorofa mapya ya Buxton Point yalikuwa yamekwisha kusimama pale zilipokuwa nyumba za zamani, na matatu za Nyali na Mtwapa zilikuwa zikigombea abiria barabarani, lakini wanyama walikuwa na Buxton yao ndani ya hiyo, yenye vichochoro vyake na mambo yake. Na jambo lao kubwa lilikuwa mbio.

Ziliitwa Mbio za Punda wa Kazi. Kila Jumamosi baada ya alasiri, punda wawili walisimamishwa penye mstari wa chokaa, jogoo akawika, wakatimka robo maili bila kona mpaka kwenye mkungu. Aliyeshindwa alikwenda zake. Aliyeshinda alirudi kukutana na mshindi mwingine, hivyo hivyo mpaka akabaki mmoja. Mchezo ulikuwa huo tu, wala haukuhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini mbuzi walishuka kutoka Tononoka, paka wakatoka Mji wa Kale, kuku wakaja na vifaranga vyao, na Bata muuza kahawa akarudi nyumbani dele likiwa halina hata tone.

Kilichowaleta ni kwamba walimjua kila mkimbiaji. Kisiwa cha Mombasa kina kiu ya miaka mingi. Maji ya Mzima, ya Marere na ya Baricho husafiri mbali kabla ya kufika, na mara nyingi hayafiki, bomba likabaki kukohoa hewa. Hapo ndipo punda hupita mlango kwa mlango na mitungi minne ya lita ishirini mgongoni. Basi siku ya mbio, mbuzi wa Kibokoni alimwona punda aliyemletea maji asubuhi ile ile, alama ya kamba bado mbichi mbavuni, akamwita kwa jina. Punda akishinda, mtaa mzima umeshinda. Akishindwa, Jumatatu atataniwa mlangoni huku akishushwa mzigo. Hapakuwa na sheria iliyosema kwamba mkimbiaji lazima awe mchukuzi. Nani angeiandika? Punda asiyebeba kitu alikuwa hajaonekana.

Aliyemleta wa kwanza ni Ngamia wa pwani ya Nyali, tajiri wa fedha za watalii. Ngamia alikuwa na akili, na akaona kwamba punda aliyepumzika siku mbili humshinda aliyetoka kazini. Akampumzisha wake wiki nzima, akashinda. Mwaka uliofuata akaja na punda ambaye mgongo wake haukuwahi kuguswa na mtungi. Wazee walinong'ona, lakini walipotafuta sheria iliyovunjwa hawakuipata. Wenye mazizi wengine wakaona wafanye nini? Wale wenye uwezo wa kumlisha punda asiyeleta hata shilingi wakamfuata Ngamia. Wasio na uwezo wakajitoa, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, bila kelele, na hakuna aliyekwenda kuwauliza kwa nini.

Ngamia akazungushia zizi lake ua wa makuti marefu ili mtu asione lishe yake. Wengine nao wakajenga nyua. Punda wakaanza kuletwa uwanjani wamefunikwa magunia kutoka masikio hadi mkia, wakafunuliwa pale penye chokaa tu, na wakimaliza wakafunikwa tena kabla hawajapoa. Mwishowe wakabaki punda kumi na wawili, na kumi kati yao walikuwa wa mazizi mawili, watoto wa dume mmoja, rangi moja na kimo kimoja.

Lazima niwape haki yao. Walikimbia kuliko punda wote waliowahi kukanyaga kisiwa kile, na kumtunza mnyama hadi afike hapo ni ufundi wa kweli, unaostahili heshima. Lakini waliachana kwa upana wa pua, na Kanga tu, aliyekaa chini ya mkungu, ndiye aliyejua nani ametangulia.

Bi Paka wa Mji wa Kale, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja tangu macho yake yafunguke, siku moja aliteremka ukutani mbio zikiendelea, akaondoka. Bata akamwita, "Bi Paka, mbona mapema? Fainali bado."

"Mwanangu, wamekimbia punda gani leo? Mimi nimeona magunia."

Baraza la Mbio lilikutana chini ya mkungu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kasa, aliyepanda kutoka mlango wa bahari wa Tudor, na katibu alikuwa Kunguru. Kunguru alikuwa na dawa tayari: watazamaji wamepungua kwa sababu kelele zimepungua. Pesa zote za baraza zikatoka. Ikanunuliwa ngoma kubwa, ikanunuliwa miavuli ya rangi, zikanunuliwa fataki. Jumamosi ya kwanza uwanja ulijaa. Ya pili ukafika nusu. Ya tatu ngoma ilipigwa mpaka mpigaji akachoka, na waliokuwa wakisikiliza ni wenye mazizi na jamaa zao.

Jioni hiyo ndipo alipofika Panya wa Kilindini.

"Salaam aleikum, Mzee Kasa."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Za safari?"

"Njema, mzee. Nimesikia ngoma nikiwa bandarini nikadhani kuna arusi."

Baraza likanyamaza kwa aibu. Panya akaketi, akapewa kahawa na kashata, akasimulia. Alikuwa amepanda meli bandari ya Long Beach, na kabla ya hapo aliishi Pomona, California, chini ya jukwaa la uwanja wa mbio. Huko, alisema, binadamu wana mchezo huu huu, ila kwa magari: mawili mawili, robo maili, mstari mnyoofu. Unasimamiwa na chama kiitwacho NHRA, alichokianzisha Wally Parks mwaka 1951. Na lipo daraja moja la mchezo huo linaloitwa Pro Stock, lililozaliwa mwaka 1970 kwa sharti moja zuri: gari lifanane na lile analoliendesha mtazamaji kwenda kazini. Mshindi wa kwanza pale Pomona alikuwa Bill Jenkins na Chevrolet Camaro yake. Mwenye Camaro alishangilia Camaro, mwenye Ford akaombea Ford.

"Ndiyo punda wa maji hao," alisema Bi Paka kutoka ukutani.

"Ndiyo hao hao, Bi Paka. Wakaongeza kasi. Mwanzoni walichukua karibu sekunde kumi, sasa ni sita na nusu, na mwendo wa kilomita zaidi ya 330 kwa saa. Lakini ndani ya gari hakikubaki kitu cha dukani. Injini zilikuwa bado zinanyonya mafuta kwa kabureta, wakati viwanda vilikwisha kuziacha zamani. Juu ya boneti palikuwa na kiinuko kikubwa cha kuvuta hewa, ambacho gari la mtaani halina. Na kambini, mzee, waliegesha magari pua ikiwa ndani, mafundi wakainamia injini, watazamaji waliolipa kiingilio wakaonyeshwa migongo."

Ngamia alitazama pembeni.

Panya akaendelea. Katikati ya mwaka 2015 NHRA ilitangaza sheria mpya, zianze msimu wa 2016. Kabureta ziondoke, mafuta yaingizwe kwa mfumo wa kielektroniki. Injini isizidi mizunguko 10,500 kwa dakika. Kiinuko cha boneti kiondolewe. Fito za nyuma zinazolizuia gari lisinyanyuke mbele zifupishwe, ili kuondoka penye mstari kuwe na hatari kidogo na dereva aonekane akifanya kazi. Na kambini magari yageuzwe, pua itazame nje, injini ionekane na anayepita.

"Watu wakarudi?" aliuliza Mzee Kasa.

Panya alikunywa kahawa kwanza. Kisha akasema ukweli, na ndiyo maana nampenda panya huyu. Msimu wa 2016 ulipoanza, kambi moja, ya Greg Anderson na Jason Line, ilizielewa sheria mapema kuliko wengine, ikachukua ushindi mfululizo. Line akawa bingwa, Anderson akawa wa pili. Kubadilisha injini kuligharimu fedha nyingi kwa muda mfupi, na wenye mifuko midogo ndio walioumia. Yakaja mashindano ambayo hata magari 16 ya kujaza ratiba hayakupatikana. Mwaka 2019 daraja lile likapunguziwa mashindano kutoka 24 hadi 18.

Ngamia akaruka. "Mmesikia! Sheria hazifai. Tuache mambo yalivyo."

"Sikusema hivyo, bwana mkubwa," Panya akajibu. "Nimesema mtazame gharama imemwangukia nani. Kuligeuza gari litazame nje hakukumpa mtu kazi kubwa, na watoto walisimama pale wakiangalia mafundi mpaka wakaitwa na mama zao. Kubadilisha mfumo wa mafuta kulimfukuza yule aliyekuwa na gari moja tu. Zote mbili ni sheria."

Mwari, aliyekuwa amekuja pwani kutoka Naivasha, akaomba nafasi. Alikumbusha kwamba mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, magari yalipangwa kwa makundi ya bei zake dukani, na kwamba Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant, gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Watu walisimama kando ya njia kumwona mwenzao katika gari wanalolijua. Safari ilitoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021 kwa njia zilizofungwa, na bado Wakenya walimiminika Naivasha. "Kwa hiyo msiniambie watu wamechoka na mbio," alisema Mwari. "Wamechoka kufichwa."

Punda wa Lamu, mgeni wa wiki ile, alisema machache. Kwao punda wanaoshindana mbele ya bahari siku za tamasha hupandwa na vijana bila tandiko, na kesho yake wanabeba mawe na saruji vichochoroni. Hakuna ngoma ya kununua. Kila mtu ana punda wake wa kumtukana au kumsifu.

Baraza likaandika. Nyua za makuti zishuke. Magunia yaondolewe. Punda afungwe kichwa kikitazama njia, lishe yake ichanganywe mchana. Haya yalipita kwa ugumu lakini yalipita. Vita ilikuwa kwenye sharti la nne, alilolileta Bi Paka: kila mkimbiaji awe amebeba maji wiki ile.

Wenye mazizi walisimama wote. Ngamia akasema migongo itaharibika, na miaka yake ya kazi itapotea kwa siku moja. Sauti yake ilitetemeka, na sidhani alikuwa anadanganya. Alikuwa ameweka maisha yake pale. Mazungumzo yakaenda mpaka usiku, na Kunguru akapatanisha: punda abebe mtungi mmoja, siku ya mbio tu, kutoka kambini hadi kwenye chokaa. Wakakubali kwa sababu walichoka. Mapatano ya usiku wa manane ndivyo yalivyo.

Jumamosi ilipofika, nyua zilikuwa chini, na jambo likatokea ambalo Kunguru hakulitegemea. Vifaranga walijazana mazizini saa nzima kabla ya mbio. Mtunzaji wa Ngamia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, alijikuta akieleza kwato zinavyochongwa, akaulizwa maswali, akajibu, akacheka. Mbuzi wa Kibokoni alikiri kwamba hakujua kazi ile ni kubwa kiasi kile.

Kisha punda wakaenda kwenye chokaa, kila mmoja na mtungi mgongoni. Bi Paka alishuka ukutani, akamfuata bingwa, akarukia mtungi wake. Mtungi ukayumba, ukaanguka, ukaviringika njia nzima ukigonga mawe. Ulikuwa mtupu. Tena ulikuwa umetengenezwa kwa plastiki nyembamba kuliko mtungi wowote wa Mombasa. Wakaangalia wa pili. Mtupu. Wote kumi na wawili.

Kelele zilizopigwa siku ile hazikuhitaji ngoma. Nami nasema kelele hizo zilikuwa dalili njema, kwa kuwa asiyejali hapigi kelele. Mzee Kasa alisimamisha mbio. Akauliza mbele ya wote, "Maji yako wapi?" Kijana wa kupiga chokaa akaonyesha bomba la mtaa, ambapo punda jike wa Kibokoni alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, mitungi minne, hajui hata kwamba ni siku ya mbio.

Baraza likakaa pale pale, juani. Ikaamuliwa kwamba mitungi itajazwa bombani, mbele ya watazamaji, na maji yatapelekwa nyumba za wagonjwa na wajane kabla jogoo hajawika. Wenye mazizi watatu wakaondoa punda wao. Ngamia alibaki na mmoja, akasema atajaribu. Kisha wachukuzi wakaulizwa kama wangependa kuandikishwa, na punda jike wa Kibokoni akasema angependa, ila kwato zake zimepasuka na fundi hutaka kulipwa kwanza. Wengine saba nyuma yake wakasema hilo hilo.

Mzee Kasa akamgeukia katibu. "Kwenye sanduku tuna nini?"

"Hakuna pesa, mzee. Kuna miavuli, fataki zilizosalia, na ngoma."

"Viuzwe, fundi wa kwato alipwe."

Kunguru akameza mate. "Hata ngoma, mzee?"

"Anza na ngoma."