Heko kwa Hita Kongwe

Watu wamesifia simba, wamesifia dhahabu, wamesifia hata viongozi wakiwa bado madarakani. Hita ya maji iliyozeeka ukutani haijapata hata ubeti mmoja. Basi na itendewe haki leo, tena itendewe Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama, ambako alfajiri ya Julai hata dereva wa bodaboda huiangalia ndoo ya maji ya kuoga kama anadaiwa nayo.

Huyu ni mzee wa mjini, ieleweke. Malori ya Rwanda na Burundi hupita Kahama, bandari kavu ya Isaka iko jirani, na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi imeleta wageni kwa miaka. Mgeni anataka gesti, gesti inataka vyumba vya selfu, na selfu isiyo na maji ya moto hushuka bei. Majumbani, wengi bado wanachemshia sufuria juu ya jiko la mkaa. Kwa hiyo tangi jeupe lililotundikwa bafuni ni cheo, na nani hapa nchini amewahi kuachia cheo kwa sababu ya kutu kidogo?

Sifa ya kwanza ya hita ni ukarimu wake kwa LUKU. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunakula takriban uniti 2. Mara moja kwa siku, mwezi mzima, ni uniti 60. Mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye daraja la D1, lile la bei nafuu, hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Zinabaki 15, na hizo zigawane taa, televisheni, pasi na friji kwa upendo. Hapo hatujaigusa hita kongwe. Hita ikiwa changa, sponji iliyozunguka tangi hulinda joto. Ikizeeka sponji ikalowa, hita huona uchoyo kupasha maji peke yake. Huupasha na ukuta, huwapasha na mijusi.

Ina adabu pia. Mashapo yakishatulia chini ya tangi, maji yaliyonaswa humo huchemka na kupasuka kwa vishindo, gudu-gudu, kama mgeni anayebisha hodi. Masikio ya Kisukuma huweza kusikia "Mwangaluka!" kila asubuhi. Nyumba inayovuta maji ya Ziwa Victoria, yaletwayo kutoka Ihelele kwa mabomba marefu ya mradi wa KASHWASA, husalimiwa kwa sauti ya chini, maana maji ya ziwa ni laini. Anayejaza tangi kwa maji ya kisima chenye chokaa husalimiwa kwa kelele, na elementi yake huvaa ukoko mweupe hadi iungue.

Wakati huohuo kuna shujaa asiyetajwa. Ndani ya tangi nyingi za chuma mna fimbo ya magnesiamu yenye kazi moja tu, kuliwa. Kutu huishambulia fimbo kwanza na kuliacha tangi. Mwingereza Humphry Davy alikuwa na wazo hilohilo mwaka 1824, alipopendekeza vipande vya zinki au chuma vijitoe mhanga kwa ajili ya shaba ya meli za kivita. Fimbo ikaguliwe kila baada ya miaka michache, na ikiisha ibadilishwe kwa gharama ndogo kuliko ya hita mpya. Lakini mji unaoishi kwa dhahabu, madini yasiyojua kutu, utaanzia wapi kukumbuka fimbo? Ikishamalizika, kutu huhamia kwenye tangi lenyewe. Hapo hita huanza kusema ukweli: maji ya moto hutoka na rangi ya chai ya rangi. Yale ya baridi yakiwa safi na ya moto yakiwa mekundu, mabomba ya mtaa hayana kesi.

Machozi yake nayo yanahitaji msomaji makini. Yakidondoka kwenye maungio, fundi bomba atakaza na kufunga tepu, kesi imeisha. Yakidondoka kwenye valvu ya usalama wakati hita inapasha, huenda si ugonjwa: maji yakipata joto hutanuka, na lita 50 zinazopashwa hadi nyuzi 60 huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita, ambayo lazima ipate pa kwenda. Maji yasiyo ya moto sana ni themostati au elementi, na vyote viwili hubadilishwa bila kuligusa tangi. Yakivuja kwenye mwili wa tangi, hakuna gundi, hakuna kulehemu, hakuna dua. Umri wake nao ni ushahidi: tangi la chuma hutegemewa kudumu kama miaka 8 hadi 12, na mwaka wa kutengenezwa mara nyingi umeandikwa kwenye kibati cha ubavuni, kilekile ambacho mwenye nyumba alikipaka rangi pamoja na ukuta.

Hapa sifa zipumzike kidogo. Wapo wanaokerwa na tone la valvu wakaiziba. Themostati ikigoma siku hiyo, maji hupita nyuzi 100 bila pa kutokea, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke huhitaji nafasi ya lita zipatazo 1,600. Tangi halina nafasi hiyo. Bafu linayo, baada ya ukuta kuondoka. Na hita inayomtekenya mtu kwa shoti anapogusa bomba haifanyi utani. Izimwe kwenye swichi kuu siku hiyohiyo, aitwe fundi umeme aangalie waya wa ardhini, na watoto waoge maji ya sufuria.

Turudi kwenye heko. Hita kongwe haifi kwa kuvizia. Hutoa taarifa kwa sauti, kwa rangi, kwa machozi na kwa bili, miezi kadhaa kabla, na hakuna mpangaji anayetoa notisi ndefu kiasi hicho. Hata ikishashushwa ukutani bado ina faida: wanunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo, na shaba ya ndani hupimwa peke yake.