Barua ya Wazi kwa Idara ya Migongo

Kwa Idara ya Migongo,
Popote ilipo, Nairobi.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Eldas, Kaunti ya Wajir. Nimeitafuta idara yenu katika kila waraka wa afya nisiione, ndipo nikaamua kuwaandikia hadharani, huenda mpita njia akawafikishia.

Kwanza, ahsanteni kwa semina. Yule mliyemtuma alitufundisha siku nzima namna ya kumwinua mgonjwa: tanua miguu, kunja magoti, nyoosha mgongo, mzigo uwe karibu na kifua. Tukatia saini, tukanywa soda. Ila huku kwetu somo hilo ngamia analijua tangu zamani. Hupiga magoti kwanza, ndipo apakiwe miti na mikeka ya nyumba nzima, uzito ukigawanywa sawa ubavu huu na huu. Akitoka kidonda mgongoni, mwenyewe hampakii hadi kipone. Hapo ngamia ametuzidi cheo.

Nirudi wodini, katika hospitali nisiyoitaja. Kitanda kiko chini, na mkono wa kuzungusha ili kipande juu ulipotea kabla sijaajiriwa. Mgonjwa wa kiharusi ana kilo 80, hajiwezi, na kila saa mbili sharti ageuzwe asipate vidonda vya mgongo. Usiku niko peke yangu. Mgongo wake unalindwa kwa mgongo wangu. Nadhani huko ndiko mnakokuita kubana matumizi. Nikimwomba jamaa yake anishikie upande mmoja, anainuka mzee mwenye bakora, na huishia nikiwainua wawili.

Mwaka 2007, huko Marekani, mtaalamu Thomas Waters alipendekeza muuguzi asiinue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za mwili wa mgonjwa. Jeriken ya lita 20 imeshapita hapo, na hiyo naibeba kabla ya chai. Mwaka huohuo Kenya ikapata Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayomkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi mzigo wa kumuumiza. Sheria nzuri sana. Nimeichapisha, nikaikunja mara nne, naiweka kiunoni ninapoketi. Inasaidia kidogo.

Msije mkadhani nataka makubwa. Ile mitambo ya hospitali iliyokodishwa kwa kaunti kuanzia 2015, mradi wa shilingi bilioni 38, tuliisikia. Baadaye Seneti ikakuta mingine imekaa bure. Mimi naomba mkono mmoja wa kitanda, shuka ya kumtelezeshea mgonjwa, na mwenzangu wa zamu. Semina nyingine, hapana. Watafiti wameshayapima mafunzo ya kuinua yanayotolewa peke yake, wasione yakiokoa viuno.

Mwandiko ukiwa umepinda, mniwie radhi. Naandika nimesimama, karatasi juu ya kabati la dawa. Kuketi kumenishinda, hata nikiwa na sheria kiunoni.

Wenu mtiifu,
Muuguzi wa zamu ya usiku,
Eldas.