Jinsi ya Kupotea na Umeme wa Kichwani: Mwongozo kwa Wasio na Hadhari

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye ndugu yako ameambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, na tangu siku hiyo kila unayefahamiana naye amegeuka tabibu. Mizizi umeshaletewa. Mafuta pia. Sasa kwenye simu yako imeingia habari ya kisasa zaidi: kwamba huko ng'ambo uvimbe wa ubongo unatibiwa kwa umeme, bila kisu wala sindano, mgonjwa amekaa zake kitini. Kwa anayetaka kupotea, hii ni habari bora kuliko zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Uongo mtupu mtu huushtukia mapema.

Soma kichwa cha habari, uishie hapo. Ukiendelea utaiharibu. Utakuta utafiti wenyewe ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science Advances, na miongoni mwa walioufanya ni Emiliano Santarnecchi, mtafiti wa Boston. Utakuta wagonjwa walikuwa 8. Utakuta walipitishiwa mkondo hafifu wa umeme kichwani kwa dakika 20, mara moja tu, na kilichopimwa kwa mashine ya MRI ni damu inayopita ndani ya uvimbe. Damu ilipungua. Kwamba uvimbe umepungua, au kwamba mtu ameongezewa hata wiki moja ya kuishi, hakuna aliyelisema. Hoja ya watafiti ilikuwa ya adabu kabisa: uvimbe huishi kwa damu, na ukiweza kuupunguzia damu bila kupasua fuvu, basi pengine njia hiyo itafaa kutumika siku za mbele pamoja na tiba zilizopo. Aya hiyo iruke.

Ruka pia maelezo ya namna elektrodi zilivyopangwa. Picha za ubongo wa kila mgonjwa zilichukuliwa, kisha kompyuta ikakokotoa zibandikwe wapi ili mkondo uuelekee uvimbe wake yeye, maana sehemu kubwa ya umeme huo hupotelea kwenye ngozi na fuvu kabla ya kufika popote. Wewe hesabu hizo za nini? Una betri ya volti 9, nyaya mbili, vipande vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na video ya kijana mchangamfu asiyetaja jina lake. Mwaka 2016 wanasayansi kadhaa waliandika barua ya wazi katika jarida la Annals of Neurology kuwatahadharisha watu wanaojiunganishia umeme nyumbani. Walisema mkondo hausimami chini ya elektrodi bali husambaa, kwamba mabadiliko mengine yanaweza kudumu, na kwamba vichwa viwili havilingani kwa matokeo. Hapo walikuwa wakisema na watu wazima wenye afya zao. Ndugu yako, ambaye uvimbe umeshamwelekeza kwenye degedege, hakuwamo hata katika mazungumzo.

Sasa tufike kwenye ufundi mkuu, nao ni kuchanganya. Vifaa vinavyoitwa vya umeme wa kichwani ni vingi, na kuvihesabu vyote kuwa kimoja ni sawa na kusema pasi, redio na jokofu havina tofauti kwa kuwa vyote huchomekwa ukutani. Kuna mkondo hafifu tuliokwisha kuutaja. Kuna koili ya sumaku iliyoanzia kwa Anthony Barker na wenzake pale Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2008 kwa ajili ya sonona. Halafu kuna kifaa cha kuvaa kichwani kinachouzwa kwa jina la Optune, kilichotokana na kazi ya Yoram Palti, profesa wa Haifa, nacho ndicho kinachotumika kweli kwa glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo kali kuliko nyingi. Ajabu yake ni kwamba hakisisimui ubongo hata kidogo. Umeme wake huzunguka mara 200,000 kwa sekunde, kasi ambayo neva haziwezi kuifuata. Kinacholengwa ni seli ya saratani iliyo katikati ya kujigawa.

Kifaa hiki kina takwimu, na takwimu ni adui wa mwongozo wetu, kwa hiyo tuzipitie upesi. Marekani ilikiruhusu mwaka 2011 kwa waliorudiwa na ugonjwa, na 2015 kwa wagonjwa wapya. Katika jaribio la watu 695, nusu ya waliokivaa pamoja na kumeza dawa ya temozolomidi waliishi zaidi ya miezi 20.9, kwa waliomeza dawa peke yake ilikuwa miezi 16. Waliofikisha miaka mitano ni asilimia 13 dhidi ya 5. Wakosoaji wanasema kundi la pili halikuvalishwa kifaa bandia, hivyo kila mtu alijua yuko upande gani. Hoja hiyo ina uzito, ingawa binafsi naona kifo si mtu wa kudanganywa kwa kofia.

Wakati wa kuwasimulia ndugu, taja miezi iliyoongezeka, unyamaze. Usiseme kwamba kichwa hunyolewa na kubaki kipara muda wote wa tiba, kwamba vibandiko hubadilishwa kila baada ya siku chache na ngozi hubabuka, wala kwamba mgonjwa anatakiwa kukivaa angalau saa 18 kwa siku, akilala, akila, akipokea wageni, begi la betri likiwa pembeni. Bei ya orodha huko Marekani imetajwa kuwa kama dola 21,000 kwa mwezi. Hapo kikao cha ukoo kitakaa kimya kidogo.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa umeme wa kichwani asiulizwe kamwe, akikasirika atakufukuza. Michelle Monje na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2015, kwa panya, kwamba neva zinapochangamka uvimbe wa jamii ya glioma ulio karibu nazo hukua kwa kasi zaidi. Mwaka 2019 makala katika jarida la Nature zikaonyesha kwamba seli za uvimbe huo hujiunga na neva hasa, zikapokea ishara zake. Kwa maneno mengine uvimbe nao umejichomeka kwenye nyaya za ubongo. Basi anayekuja na kifaa cha kuuchangamsha ubongo wa ndugu yako, anamchangamsha nani?

Ndugu wakianza kusitasita, wape historia. Waambie Scribonius Largus, tabibu wa Roma katika karne ya kwanza, alikuwa akimwekea mwenye maumivu ya kichwa taa hai, yule samaki mwenye umeme, juu ya paji la uso. Ni kweli tupu. Tiba ikishakuwa ya kale na ya kisasa kwa pamoja, nani atauliza ya katikati?

Mwisho, jihadhari na hospitali kubwa zenye ile koili ya sumaku, kwa maana huko unaweza kuitumia vizuri bila kukusudia. Ndugu yako atakalishwa, sumaku itapita juu ya kichwa chake ikipiga tik, tik, na kidole gumba kitaruka chenyewe. Watachora ramani: hapa panaendesha mkono, pale panaendesha ulimi. Siku ya upasuaji daktari ataiweka mbele yake ili ajue mahali pa kutokata. Ukiambiwa kwamba sumaku haikuutibu uvimbe hata chembe, dai urudishiwe nauli.