"Mguu Unaniuma": Mwongozo kwa Mgonjwa wa Moa

Usipande gari la Tanga kwenda hospitali ya Bombo kabla hujajua maumivu yako yamekaa wapi. "Daktari, mguu unaniuma" ni salamu tu, bado hujatoa habari. Mguu wetu huanzia nyongani ukaishia kwenye ncha ya dole gumba, na humo mna paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino na unyayo. Pwani tuna majina yote hayo. Yatumie.

Kwanza simama wima, uso mbele, miguu pamoja, mikono imeshuka ubavuni na viganja vikitazama mbele. Matabibu wa dunia nzima humchukulia mtu kuwa amesimama hivyo, hata awe amelala kifudifudi kwenye machela. Ndiyo maana juu, kwao, ni upande wa utosi, si upande wa dari. Viganja ndivyo vinavyowashinda wengi. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, kisha geuza kiganja kitazame nyuma. Umesikia mfupa ukibiringika? Mifupa ya hapo ni miwili. Kiganja kikitazama mbele, imelala sambamba. Kikigeuka nyuma, ule wa upande wa gumba humvuka mwenzake. Anayekuna nazi juu ya mbuzi akiumwa hapo, aseme: ni katika kugeuza au katika kukunja?

Kushoto na kulia ni vya mgonjwa siku zote. Picha ya eksirei ya kifua nayo huwekwa kana kwamba mgonjwa anamtazama daktari uso kwa uso, kwa hiyo usishangae moyo wako ukionekana umeelekea kulia kwake. Gotini ongeza neno: ni upande wa ndani, unaoelekea goti la pili, au wa nje? Kano za pande hizo ni mbalimbali.

Matabibu pia huugawa mwili kwa mikato mitatu; nenda kaitazame kwa mchuuzi wa nguru. Akimkata vipande vya duara, huo ni mkato wa kukingama, na ndivyo sitiskani inavyomwonyesha mtu, kipande baada ya kipande. Akimpasua kichwa hadi mkia kwa kufuata uti wa mgongo, ametenga kushoto na kulia. Mkato wa tatu, wa kutenga mgongo na tumbo, mchuuzi hana haja nao; lakini wewe ukiinua mkono kutoka ubavuni kwenda kando, unapita humo humo.

Mijongeo tunaijua, kwa kuwa swala tano zimetufundisha. Rukuu ni kukunja nyonga huku mgongo umenyooka. Itidali ni kuinyoosha nyonga tena. Katika kikao cha baina ya sijida mbili goti hukunjika hadi mwisho. Salamu ni kuzungusha shingo, kulia kisha kushoto. Mtu akisema, "Daktari, nikitoa salamu ya kulia shingo inakaza, ya kushoto haina neno," amemrahisishia kazi kubwa. Habari hiyo haimo katika chupa yoyote ya maabara. Unayo wewe peke yako, nami naomba usiende nayo hospitali ukarudi nayo nyumbani.

Ukipelekwa kwenye upasuaji, ndipo ufungue kinywa zaidi. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi, ambayo inataka mgonjwa athibitishe jina lake, mahali pa kupasuliwa na upasuaji wenyewe kabla ya kupewa dawa ya usingizi, na mahali hapo pawe pametiwa alama. Basi usinyamaze kwa kuona haya mbele ya wakubwa. Taja jina lako lote, sema "goti la kushoto, upande wa ndani," weka kidole hapo hapo, na usikiondoe mpaka kalamu ipite.