Kosaini Kizimbani

Mwalimu wa hisabati alikuwa njiani kwenda Morogoro, kioo kashusha, redio inaimba, lori lililokuwa likija mbele yake lilipomwashia taa mara mbili. Naye akaliwashia; salamu haikataliwi. Likaja basi, nalo likamwashia, akaitikia vilevile. Alikuwa bado anasifu moyoni uungwana wa madereva wa siku hizi pale alipoona, chini ya mwembe, sare nyeupe na mkono ulionyooshwa.

"Shikamoo, afande," akajikuta amemwamkia kijana wa rika la wanafunzi wake.

"Marahaba. Leseni."

Kibao kilisema 50. Tochi ilisema 72. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000, na angeweza kuilipa kwa simu akafika Morogoro kabla wali haujapoa. Lakini kumwambia mwalimu wa hisabati kwamba namba ndiyo iliyosema ni kumchokoza. Akataka mahakama.

Jeuri hiyo ilikuwa na chanzo. Dmitri Krioukov, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliwahi kushtakiwa kwa kutosimama kwenye alama ya kusimama. Alijitetea kwa andiko la kurasa nne, lenye milinganyo na grafu, akieleza kwamba askari aliyetazama kutoka pembeni alidanganywa na macho yake. Akaachiwa, na faini ya dola 400 ikamwepuka.

Neno "pembeni" ndilo lililomkaa mwalimu. Kwani trafiki wake alisimama wapi?

Akarudi kwenye ule mwembe na futi ya fundi mwashi, akapima, akachora, akapata pembe ya nyuzi 20. Tochi ya rada hurusha mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalokuja hurudi yakiwa na marudio mengine, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa mwendo. Lakini ikishikwa pembeni, haisomi mwendo wote. Husoma sehemu tu, ile inayoijia moja kwa moja: mwendo halisi mara kosaini ya pembe. Kwa hiyo tochi ilikosea! Usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyekwisha shinda kesi.

Kizimbani alisomewa shtaka, akajibu, "Si kweli," kisha akafundisha kosaini kwa dakika kumi. Mwendesha mashtaka alinyamaza. Karani aliacha kuandika. Hakimu alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja.

"Mwalimu, nimekuelewa. Sasa kama tochi ilisoma 72, mwendo halisi ulikuwa ngapi?"

Mwalimu hajawahi kuacha swali la hesabu bila jibu. Kosaini ya 20 ni 0.94. Akagawanya 72 kwa 0.94 pembezoni mwa karatasi yake, akanyamaza, akagawanya tena.

"Karibu 77, mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo.

Karani akaandika hiyo. Trafiki, aliyekuja na ushahidi wake kwenye bahasha, akairudisha bahasha kwapani.

Jioni, risiti ya faini ikiwa mfukoni, mwalimu alikuwa akirudi nyumbani lori lilipomwashia taa. Akakanyaga breki mpaka 40, akatambaa kilomita nzima akichungulia kila mwembe. Hapakuwa na mtu. Simu ikaita: mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi dereva wa malori.

"Shikamoo mwalimu! Nimekusalimia hapo nyuma, mbona hukuitikia?"